Kikohozi Kisicho na Nguvu



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za uji wa watoto wanaoachishwa ziwa, kama tulivyoahidi. Lakini tumepata barua ya mama mmoja, kurasa nne alizoandika kwa mkono wake, nasi tumeona si haki ingoje. Uji utangoja. Mtoto anayekula uji mwezi huu atakuwa bado anaula mwezi ujao.

Mama huyu anamtunza mumewe. Ni mwaka wa nane sasa tangu baba huyo aanguke kutoka juu ya mparachichi, akavunjika shingo. Mikono huinyanyua kidogo, vidole havishiki kitu, na kuanzia kifuani kushuka chini hana habari na mwili wake. Mama anaeleza kwamba vidonda vya kulalia amevimudu, mpira wa mkojo ameumudu, hata kumsaidia choo amejifunza. Kinachomnyima usingizi ni mafua. Mwaka jana mafua ya kawaida, yale ambayo watoto waliyamaliza kwa siku tatu, yalimlaza baba hospitalini wiki mbili kwa nimonia. Naye anauliza: mume wangu aliumia shingo, hakuumia mapafu, mbona kila mara kinachotaka kumchukua ni mapafu?

Swali hili ni zuri kuliko mengi tuliyoulizwa na watu wenye elimu kubwa. Na si la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na madhara ya kuumia uti wa mgongo. Kwetu Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC walikuta kwamba kuanguka ndiko kunakoongoza kwa kuleta majeraha hayo, ajali za barabarani zikifuata. Mti wa matunda, paa la nyumba, pikipiki: ni vitu vya kila siku. Karibu kila mtaa yumo mtu wa namna hii, ila yuko chumba cha ndani na hatumwoni.

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli, mapafu ya baba huyu ni mazima. Lakini mapafu, akina mama, hayana nguvu yake yenyewe. Ni kama mvukuto wa mhunzi. Mvukuto waweza kuwa mzima kabisa, lakini pasipo mkono wa kuuvuta moto hauwaki. Mkono huo ni misuli, na misuli hupokea amri kutoka kwenye mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo.

Msuli ulio mkubwa kuliko yote ni ule mpana, uliokaa kama kawa kati ya kifua na tumbo; wataalamu huuita kiwambo. Amri zake hutoka shingoni, kwenye ngazi ya 3, ya 4 na ya 5. Misuli iliyo kati ya mbavu hupata amri zake kifuani, ngazi kwa ngazi. Misuli ya tumbo hupata zake chini zaidi, kuanzia kama ngazi ya 6 ya kifua mpaka mwanzo wa kiuno. Basi hapo mama unaweza kupima mwenyewe. Aliyeumia juu kabisa ya shingo hana kiwambo wala mbavu, naye hawezi kuishi bila msaada wa mashine. Ndivyo alivyokuwa mcheza sinema wa Marekani, Christopher Reeve, tangu alipoangushwa na farasi Mei 1995 mpaka alipofariki Oktoba 2004. Aliyeumia shingo kwa chini kidogo, kama baba huyu, kiwambo chake kinafanya kazi, ila mbavu na tumbo vimelala. Aliyeumia kiunoni anapumua karibu sawa na sisi.

Tatizo la huyu wa katikati si kuvuta pumzi tu. Tatizo kubwa ni kukohoa.

Wengi wetu hatujapata kufikiri kwamba kukohoa ni kazi. Jaribu hapo ulipoketi: weka kiganja juu ya kitovu, kisha kohoa. Umeona tumbo lilivyokaza? Tumbo ndilo linalosukuma hewa itoke kwa kishindo na kulibeba kohozi. Tumbo likilala, kikohozi kinakuwa kama mtu anayesafisha koo kanisani kwa aibu. Sauti ipo, lakini hakuna kinachotoka. Tena kwa aliyeumia shingo kuna jambo la pili. Mishipa ya fahamu inayoendesha mambo ya ndani pasipo sisi kuamua ina pande mbili zinazosawazishana, na upande mmoja umekatiwa amri. Ule uliobaki unatawala peke yake, njia za hewa zinabana, na ute unakuwa mwingi. Ndiyo kusema kohozi linaongezeka kwa mtu yule yule asiyeweza kulitoa. Linatuama chini ya mapafu kama maji ya bonde, sehemu ya pafu inaziba na kusinyaa, vijidudu vinapata makao, na hiyo ndiyo nimonia.

Zamani watu hawa hawakuishi muda mrefu kiasi cha kuifikia shida hii. Katika vita kuu ya kwanza wengi walikufa kwa vidonda na kwa maambukizo ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi yake huko Stoke Mandeville, Uingereza, Februari 1944, vita yake kubwa ilikuwa kugeuza wagonjwa na kulinda figo zao. Alishinda, na katika nchi zenye uwezo maradhi ya kifua sasa yamekuwa mstari wa mbele katika kuwaua waliopooza. Kwetu vidonda na mkojo bado vinaua. Kwa hiyo mama aliyevishinda hivyo viwili nyumbani kwake, bila wodi wala daktari, amefanya kazi ya Guttmann, na sasa amefika kwenye mlango wa tatu.

Kosa letu

Hapa inabidi tuungame jambo. Miaka ya nyuma sisi wa kamati ya kutembelea wagonjwa tulikuwa tukimwendea kijana mmoja aliyeumia shingo kwa ajali ya pikipiki. Alikuwa na mwaka wa tano kitandani. Jumamosi moja tulimkuta hana raha. Mama yake akasema tangu Alhamisi hakulala vizuri, chakula anakikataa, uso unatoka jasho, na miguu inarukaruka kuliko kawaida. Siku iliyotangulia alikuwa amempeleka kwenye zahanati moja, akaambiwa ni mafua tu, maana hana homa na hasemi kifua kinauma. Akapewa dawa ya maji ya kutuliza kikohozi.

Hebu fikirini. Kifua kitamuumaje mtu asiyekisikia kifua chake? Na dawa ya kutuliza kikohozi ina faida gani kwa mtu ambaye shida yake ni kwamba kikohozi kimetulia mno? Lakini tusiwacheke wenzetu wa zahanati, kwa sababu sisi tulifanya kubwa zaidi. Tulimwona anahema, nasi tukafanya tulichofundishwa kufanya kwa kila anayehema: tukaita mito, tukamketisha wima. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama yake, aliyeishia darasa la nne, akasema kwa unyenyekevu, "Sista, huyu akilala chali ndipo hupumua." Tukamkemea. Naam, tulimkemea, na cheti chetu cha uuguzi kiko ukutani nyumbani. Alisubiri kidogo, akatazama midomo ya mwanawe, kisha akatusogeza kwa kiwiko na kumlaza mwenyewe. Pumzi ikarudi, si yote, lakini ikarudi.

Jirani alitoa gari lake la kubebea mizigo, tukampeleka hospitali akiwa amelala chali. Picha ilionyesha upande wa chini wa pafu la kushoto umeziba. Alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mdogo kuliko watoto wetu, akaweka mikono juu ya tumbo la mgonjwa, akamwambia avute pumzi kisha akohoe, na wakati ule ule akasukuma. Mara ya nne likatoka kohozi zito kama mlenda uliolala. Tulisimama pembeni kama wanafunzi. Kijana alikaa hospitalini siku 16, akarudi nyumbani mzima kama alivyokuwa.

Kwa nini kulala chali? Tulipata maelezo baadaye. Mtu ambaye tumbo lake limelegea, akiketi, matumbo yote yanaanguka mbele na chini, na kiwambo kinashuka pamoja nayo kikiwa bapa. Hakina tena pa kushuka kikivuta hewa. Mnajua kutwanga: mchi ulioinuliwa inchi moja juu ya kinu hautwangi kitu. Akilala chali, matumbo yanakisukuma kiwambo juu, nacho kinapata nafasi ya kushuka kwa nguvu. Kwa sisi wenye tumbo zima, na kwa mgonjwa wa pumu au wa moyo, kuketi ndiko kunakosaidia. Msije mkaenda kumlaza chali babu mwenye pumu mkasema gazeti limesema. Na hata waliopooza hawafanani. Mtazame mgonjwa wako, na umsikilize anapokuambia jinsi anavyopumua vizuri. Yeye ndiye anayekaa ndani ya mwili ule.

Jambo moja tu halina mjadala: chakula na maji ni kwa kuketi. Anayelishwa amelala chali hukosea njia kwa urahisi, tonge likaenda mapafuni, na huyo hana kikohozi cha kulirudisha. Mketishe, mlishe polepole, mwache nusu saa au zaidi kabla ya kumlaza.

Mkaja

Sasa mtauliza, naye ataishi chali mpaka lini? Mtu anataka kuketi kwenye kiti chake, kutoka nje, kwenda ibadani. Hapa akina mama tuna ujuzi wetu wa siku nyingi. Mnakumbuka mkaja tuliofungwa tulipojifungua? Hospitali zenye uwezo hutumia mkanda mpana wa kufunga tumbo kwa kazi hii hii, nao hushika matumbo yasianguke mbele mgonjwa anapoketi. Ukikosa mkanda, kitambaa kipana chenye nguvu kinasaidia. Mfunge akiwa amelala, kuanzia kwenye mifupa ya nyonga hadi chini kidogo ya mbavu. Usizifunge mbavu, utamzuia kile unachotaka kumpa. Usikaze mpaka alama zibaki. Mfungue anaporudi kulala, na kila mara angalia ngozi, kwa maana yeye hatasikia kikunjo kinachomchubua. Mara ya kwanza muulize mtaalamu wa viungo akuonyeshe.

Kumsaidia kukohoa

Haya nayo hayajifunzwi gazetini peke yake. Tunayaandika ili uende hospitali ukijua la kuomba, kwa sababu tumeona akina mama wanarudishwa nyumbani na vidonge bila kuonyeshwa kitu kwa mikono. Sema hivi: "Naomba nifundishwe kumsaidia mgonjwa wangu kukohoa." Usiondoke mpaka umefanya wewe mwenyewe mbele yao.

Kwa kifupi ni hivi. Mgonjwa amelala chali, au ameketi kwenye kiti kilichofungwa breki na kuegemezwa ukutani. Viganja vyako vinakaa juu ya tumbo, kati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, si juu ya mbavu wala juu ya ncha yenyewe. Anavuta pumzi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa nguvu zake zote. Kisha anakohoa, na papo hapo unasukuma kwa kuingia ndani na kupanda juu, kwa haraka na kwa kiasi. Wakati ndio siri. Ukichelewa umemkanda tumbo tu. Mpumzishe, rudia mara chache mpaka kifua kisikike kisafi. Usifanye baada ya kula. Ngoja saa mbili. Usifanye kwa mwenye mimba, kwa aliyepasuliwa tumbo karibuni, kwa aliyevunjika mbavu, wala kwa aliyewekewa chujio katika mshipa mkubwa wa damu la kuzuia damu iliyoganda. Asipokuwa na mafua, mara moja asubuhi yaweza kutosha. Akiwa na mafua, itakuwa mara nyingi kwa siku na huenda usiku pia.

Baadhi yenu mmemsikia Joni Eareckson Tada, yule mwandishi Mkristo wa Marekani aliyevunjika shingo Julai 1967, akiwa na miaka 17, alipojitupa kwenye maji mafupi ya ghuba ya Chesapeake. Alipoimba wimbo wa filamu Alone Yet Not Alone, mumewe Ken alikuwa akimsukuma chini ya kifua ili apate pumzi ya kufikia sauti za juu. Tuliposoma habari hiyo tulicheka kwa furaha, maana ni kazi ile ile ya yule kijana wa hospitali, ila hapa ilitoa wimbo badala ya kohozi. Na kuimba kwenyewe ni mazoezi. Waliopooza wanaoimba kila siku, wanaosoma kwa sauti, wanaopuliza hewa kwa mrija ndani ya chupa ya maji mpaka itoe mapovu, wanavipa kazi vile kidogo vilivyobaki. Wako hata wanaojifunza kumeza hewa kwa ulimi, funda baada ya funda, kama chura. Daktari Clarence Dail wa Marekani aliliandika jambo hilo mwaka 1951 baada ya kuwaona wagonjwa wa polio wakilifanya. Basi kama mume wako alikuwa kwaya, usimwache nyumbani siku ya mazoezi kwa kuona aibu ya kiti. Kwaya na ije kwake, ikibidi.

Ila kwaya yenye mafua isije. Hapa tuseme na sisi wa makanisani. Tuna desturi nzuri ya kuwatembelea wagonjwa, tena kwa wingi. Tunaingia watu kumi kwenye chumba cha dirisha moja, wawili wanakohoa, na wote tunataka kumshika mkono. Na yule baba kwa heshima anaomba aketishwe ili asipokee wageni akiwa amelala. Anaketi saa nzima, anajibu salamu zetu kwa pumzi aliyokuwa akiihitaji kwa usiku ule. Tukitoka tumebariki nyumba na kuacha mafua. Mwenye kikohozi na asali nyumbani kwake kwa ajili ya mgonjwa. Mungu atasikia kutoka huko huko. Na mgonjwa aambiwe mapema, alale, hakuna atakayemwona hana adabu.

Mambo ya nyumbani hayahitaji maneno mengi. Moshi wa kuni na mkaa usimfikie alipo. Jiko likiwa ukuta mmoja na kitanda chake, hamisha kimoja. Sigara hakuna, si yake wala ya shemeji anayekuja kumpigisha soga. Maji anywe kadiri alivyoelekezwa na wanaosimamia mkojo wake, kwani kohozi likikauka halitoki. Kumgeuza usiku kwa ajili ya ngozi kunasaidia na mapafu pia, kohozi lisituame upande mmoja. Choo kikifunga siku nyingi tumbo hujaa na kukisukuma kiwambo, kwa hiyo anayehema baada ya siku tano bila choo, anza kufikiria huko. Unene nao ni mzigo. Dawa za usingizi, na zile za kulegeza misuli inayorukaruka, huweza kupunguza pumzi. Asiongezewe hata kidonge kimoja pasipo daktari, na asizikatishe ghafla pia.

Akikoroma sana usiku, pumzi ikakatika kisha akashtuka, asubuhi anaamka na kichwa kinauma na mchana anasinzia katikati ya maneno, mwambie daktari. Ni tatizo la kupumua usingizini, na kwa waliovunjika shingo hutokea sana. Wengi huambiwa ni uvivu au ni huzuni.

Ulizia chanjo. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya vijidudu vinavyoongoza kuleta nimonia, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013. Ipo ya watu wazima, na ipo ya homa ya mafua inayochomwa kila mwaka. Huenda usiipate kwenye zahanati yako na huenda ukatakiwa kulipia. Lakini uliza katika hospitali kubwa, hasa kwa mwenye kuumia shingo. Nyinyi mnaolala naye chumba kimoja mkichanjwa ya mafua mmemkinga na yeye.

Na kifua kikuu tusikisahau, kwa kuwa tupo Afrika Mashariki. Wapo waliopooza kwa sababu ya kifua kikuu cha uti wa mgongo wenyewe. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda vinataka kipimo cha makohozi, na matibabu hayalipiwi. Mgonjwa asiyeweza kutoa kohozi asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa hana kohozi la kupima. Msukume tumbo palepale, litoke.

Dalili ni zile tulizoziona kwa kijana wetu na hatukuzielewa. Usingoje homa wala maumivu. Angalia kuhema kwa haraka, sauti kuwa ndogo, kushindwa kumaliza sentensi, wasiwasi asioweza kuueleza, kukataa chakula, miguu kurukaruka kuliko kawaida, kohozi kugeuka rangi au kunuka. Midomo na kucha zikiwa za samawati, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, hiyo si ya kungoja asubuhi. Na fika hospitali ukiwa na karatasi iliyoandikwa ngazi ya jeraha lake, na kwamba hasikii maumivu ya kifua na hawezi kukohoa bila msaada. Yule kijana wa zamu usiku hamjui mumeo.

Mama, katika ukurasa wa nne umeandika kwa herufi ndogo kwamba umechoka, kisha ukafuta, lakini tulisoma. Kumgeuza mtu mzima usiku mara nne kwa miaka minane na bado ukalime ni kazi ya watu watatu. Unasema ana kaka wawili hapo hapo kijijini. Hao wanafundishika. Kusukuma tumbo wakati wa kukohoa kunataka mikono yenye nguvu, na mikono hiyo wanayo. Mwambie mzee wa kanisa akae nao, wapangiane usiku wao. Sisi tulifanya hivyo kwa kijana wetu, na mjomba aliyekuwa akileta mkungu wa ndizi mara moja kwa mwezi na kwenda zake, sasa analala pale Jumanne na Ijumaa. Mwanzoni alinung'unika sana.

Tumebakiza kitu kimoja, nacho hakina gharama. Kila Jumapili asubuhi, akiwa amelala vile vile kila mara, mwambie avute pumzi mpaka mwisho kisha ahesabu kwa sauti, kwa mwendo ule ule, bila kuvuta pumzi nyingine. Andika alipofika. Usimlinganishe na mtu mwingine, mlinganishe na yeye mwenyewe wa Jumapili iliyopita. Mama wa kijana wetu huandika kwa mkaa ukutani karibu na mlango. Kwa miezi namba ilikuwa 17, mara 18. Machi mwaka jana siku moja ikawa 11. Homa hakuna, maumivu hakuna, mwenyewe akasema yuko salama. Mama hakumsikiliza, akambeba siku ile ile. Nimonia ilikuwa ndiyo inaanza. Alipewa dawa, akasukumwa tumbo mchana na usiku, na usiku wote ule alilala kitandani kwake nyumbani. Baada ya wiki tatu ukuta ulisoma 16.

Anza Jumapili hii, mama, kisha tuandikie baba amefika ngapi.